Nukta Iliyoachwa Wazi

Mhandisi alitaka namba moja tu.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeshavua viatu chini ya meza, miguu imevimba, nasubiri muda ufike nijikokote nyumbani. Miezi saba tulikuwa tunapima kina cha ziwa lile, mstari kwa mstari, tangu asubuhi mpaka jua linapopinda. Kazi yenyewe haina maajabu. Boti inakwenda polepole, mashine inatuma sauti majini, sauti inagonga chini, inarudi. Muda iliotumia kwenda na kurudi ndio unaokwambia kina. Mimi kazi yangu kuandika. Miaka kumi na tisa naandika namba. Hata ndotoni naandika.

Ramani ilikuwa ukutani, imejaa namba kama mchele uliomwagika. Mahali pamoja tu palikuwa peupe. Nukta ya mia mbili na kumi na nne.

"Hapa mliparuka," Mhandisi alisema, kidole juu ya karatasi.

"Hatukuparuka. Mashine ilikataa mara mbili."

"Basi nendeni tena. Sasa hivi. Kesho asubuhi ramani inakwenda kwa watu wanaolaza bomba ziwani, na Jumatatu wapiga mbizi wanashuka hapo hapo."

Miongoni mwa hao wapiga mbizi alikuwemo mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Mama alipofariki yule alikuwa hajaota hata meno ya mbele. Nimemlea mimi. Siwezi kumwacha ashuke mahali ambapo hata mimi sijui pana nini.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mhandisi hakulijua. Mtu aliyenifundisha kazi hii, mzee tuliyemwita Fundi Bildi, alipima ziwa lile lile kabla mashine hazijaja. Alipima kwa bildi, kamba ndefu yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Kwenye ramani yake ya zamani, mahali pale pale palikuwa peupe. Nilipokuwa mgeni kazini nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Acha wazi." Basi. Nikadhani ni uvivu wa mzee.

Nikavaa viatu.

Gatini nilimkuta nahodha wetu anafunga boti. Tulimwita Kobe kwa vile alivyokuwa anaendesha taratibu. Mwenyewe hakukasirika. Alikuwa anasema, "Mmeshasikia kobe amepata ajali?"

"Dada Namba, usiniambie," alisema aliponiona na begi la mashine. "Mke wangu ameapa nikichelewa tena leo nitalala na boti."

"Namba moja tu, Kobe."

"Hiyo moja ndiyo huwa haiishi."

Lakini aliwasha injini. Kobe hakuwahi kunikatalia kitu. Nataka mlikumbuke hilo.

Tulifika kwenye nukta jua likiwa limebaki kidogo juu ya vilima. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Kobe akazima injini. Nikashusha kichwa cha mashine, nikawasha.

Sitini na mbili. Sitini na mbili. Sitini na mbili.

Nikashusha pumzi. Mita sitini na mbili, kina cha kawaida kabisa. Nikachukua kalamu.

Kabla sijaandika, kwenye kioo cha mashine ukatokea mstari wa pili, juu ya ule wa chini ya ziwa. Hamsini na tano. Ulikuwa umenyooka.

"Samaki," Kobe alisema akichungulia begani kwangu.

Samaki hawanyooki hivyo. Nilijua, na yeye alijua.

Arobaini na nane.

Thelathini na tisa.

"Zima hiyo," Kobe akanong'ona.

Nikazima. Kioo kikawa cheusi. Tukakaa tunasikilizana pumzi. Hapo ndipo tuliposikia, chini ya mbao tulizokanyaga...

*Ngo.*

Kimya. Kirefu. Halafu...

*Ngo.*

Mngeniuliza kwa nini sikusema turudi. Uchovu ni kitu kibaya. Mtu aliyechoka anataka kumaliza, hata kama anachokimaliza ni yeye mwenyewe. Nikajiambia ni mti umezama unagonga boti. Nikamfikiria mdogo wangu na Jumatatu. Nikatoa bildi kwenye sanduku, nikairusha.

Kamba ilishuka vizuri. Ina alama kila mita. Nikazihesabu zikipita mkononi. Sitini na mbili, risasi ikakaa. Niliihisi ikikaa. Kisha kamba ikalegea.

Nikavuta ili ikaze. Hamsini. Ikalegea tena. Nikavuta. Arobaini. Ikalegea.

Risasi ilikuwa inanyanyuliwa.

Kumi na mbili... Kamba ikakaza yenyewe. Ikanivuta. Taratibu, kwa adabu, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake anapotaka kusema kitu.

Mara moja.

Mara mbili.

Mara tatu.

Harufu ikapanda kutoka majini, harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi na nguo mbichi ndani yake. Kobe alichomoa kisu, akakata kamba, akawasha injini. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Kobe aliendesha kwa kasi.

Gatini tuliachana bila kuagana.

Asubuhi yake nilimwambia Mhandisi uongo. Nilimwambia chini pale hakuna ardhi, ni matope mepesi, bomba litazama. Alinung'unika, akapiga simu, wakakubaliana kulisogeza mita mia tatu. Jioni mdogo wangu akanipigia, amefura.

"Dada, umetuchelewesha wiki nzima! Vijana wote wananiangalia mimi."

"Waache wakuangalie."

"Lakini kuna nini pale?"

"Matope."

"Matope yapi yanakufanya uongee hivyo?"

Nikakata simu. Nilikuwa nimesimama jikoni, mkono umeloa povu la vyombo. Nyumba yangu iko juu ya kilima. Kutoka ziwani mpaka pale ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Sakafu ni saruji juu ya mwamba mtupu. Mafundi walivunja sururu mbili wakichimba msingi.

*Ngo.*

Chini ya nyayo zangu.

Nilihesabu bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi. Moja, mbili, tatu... Nilipofika kumi na nne...

*Ngo.*

Siku ya pili ilinifuata ofisini. Ilikuwa chini ya kiti changu, saa nne asubuhi, jua linawaka dirishani, watu wanapita na vikombe vya chai. Mhandisi alikuwa mezani kwake anapiga mluzi. Hakusikia kitu. Kumi na tatu. Siku ya tatu, kumi na moja. Siku ya nne, tisa.

Nilikuwa silali. Nikijilaza naisikia kwenye mto. Nikikaa naisikia kwenye miguu ya kiti. Nami nilikuwa nimeshaielewa, na laiti nisingeielewa. Miaka kumi na tisa nimekula kwa hesabu hiyo hiyo. Sauti inatumwa, inagonga kitu, inarudi. Muda ukiwa mfupi, kitu kiko karibu. *Ngo* ya kwanza ilikuwa inatumwa. Ya pili ilikuwa inarudi.

Ilikuwa inarudi kutoka kwangu.

Nilimkuta Kobe nyuma ya stoo, anajaza mafuta kwenye dumu. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Nyumbani kwako kukoje?" nikamuuliza.

Mafuta yakamwagika nje ya dumu, yakamlowesha kiatu. Hakuangalia chini.

"Na wewe?" alinong'ona.

"Na mimi. Huwa unahesabu?"

"Nihesabu nini?"

Nikamfundisha. Tukasimama pale kama watoto wanaojifunza hesabu, kila mmoja anasikiliza ya kwake, maana ya mwenzio huisikii. Midomo yake ikawa inacheza kimyakimya. Hatimaye akasema, "Kumi na sita."

"Yangu tisa," nikasema.

Nilimwona akipumua. Kidogo tu. Simlaumu. Hata mimi, ingekuwa kinyume, ningepumua.

Jumamosi asubuhi ilikuwa imefika saba. Nikaenda kwa Fundi Bildi. Sikuwa nimekanyaga kwake mwaka mzima, na aibu ilinishika mlangoni. Mkewe alinifungulia, akaniangalia usoni kwa muda mrefu, akasogea pembeni nipite. Hakuniuliza habari.

Mzee alikuwa amelala, uso ukutani, saa tatu asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti." Hakugeuka. "Mlitumia mashine au kamba?"

Sikuwa nimemweleza lolote bado.

"Vyote viwili."

"Ilivuta?"

"Mara tatu."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wawili. Mimi na nahodha."

"Nani yuko karibu?"

"Mimi. Saba."

Akatikisa kichwa juu ya mto. Nje, kuku wa jirani alikuwa anaparura mabati. "Wakati wetu tulikuwa mimi na mpiga makasia wangu," alisema. "Yeye alikuwa na kumi. Mimi ilifika mbili."

"Halafu?"

"Halafu ikanyamaza. Huu mwaka wa thelathini na moja."

"Ilinyamazaje, baba?"

"Mwambie," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Mtoto wa watu amekuja na miguu yake. Mwambie."

"Mwenzangu alirudi ziwani," mzee akasema polepole. "Peke yake."

"Alirudi kufanya nini?" mkewe akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuliza swali hilo miaka yote bila kupewa jibu. "Nani alimtuma?"

Mzee akavuta shuka, akajifunika kichwa.

Mama yule alinisindikiza mpaka nje. "Tangu siku ile usingizi humkamata ovyo, hata alipokuwa bado kazini," aliniambia. "Mchana, jioni, mbele ya wageni. Mtu asiye na kazi hachoki namna hiyo." Akanishika mkono. "Sijui mengi, mwanangu. Lakini ukiweza, usilale."

Njiani nikampigia Kobe. "Usikanyage ziwani," nikamwambia. "Hata Mhandisi akikutuma. Hata iwe nini. Kaa mbali na maji mpaka nikwambie mimi."

"Mpaka uniambie wewe," akaitikia. "Sawa, Dada Namba. Yako imefika ngapi?"

"Sita."

"Pole," akasema. Na sauti yake ilikuwa ya kweli.

Nilifika nyumbani, nikafungua redio, nikafungua madirisha yote. Nikachemsha kahawa nzito, nikanywa nimesimama. Nilipiga deki nyumba nzima, nikafua hata mapazia yaliyokuwa safi. Tano. Nikaosha uso kwa maji baridi. Nne. Sasa vikombe vilikuwa vinatetemeka kidogo kwenye rafu kila inapogonga. Kuta zikaanza kutoa ile harufu, harufu ya nguo mbichi chumbani. Nikakaa kwenye kiti kigumu cha jikoni, mgongo wima, simu mkononi, mwanga wa saa saba ukinipiga usoni.

Tatu.

Niliomba. Nililia kidogo pia. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Nakumbuka niliwaza kitu kimoja: laiti ingekuwa mtu mwingine. Sikumtaja mtu. Naapa sikumtaja.

Mbili.

Halafu sijui.

Nilipofumbua macho, kiza kilikuwa kinaingia. Shingo ilikuwa inaniuma, mate yamenikaukia kidevuni. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Nikanyoosha mkono, nikaizima, nikasikiliza.

Hakuna.

Nikaweka viganja sakafuni. Nikalaza sikio kwenye saruji. Hakuna kitu, jamani, hakuna. Mwili wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtoto aliyeogeshwa. Nilicheka peke yangu pale chini. Nilicheka kwa furaha, na hilo Mungu atanisamehe akipenda.

Kisha simu ikaita. Alikuwa mke wa Kobe.

"Dada, mmemaliza?" akauliza. "Mwambie chakula kimepoa."

"Tumemaliza nini?"

"Si mko wote?" Akasita. "Umempigia saa nane. Nilikuwa nimekaa naye. Amesema Dada Namba anasema imekwisha, ila ile kamba imebaki kule, aende akaichukue mara moja tu. Nikamwambia Jumamosi yote hii! Akasema, ni dada, siwezi kumkatalia."

Niliondoa simu sikioni, nikaangalia simu nilizopiga.

Kobe. Saa nane na dakika tano. Tumeongea dakika nne.

Boti waliikuta asubuhi, pale pale kwenye nukta. Nanga imeshushwa vizuri, injini imezimwa, viatu vyake vimepangwa sawasawa chini ya kiti. Walimtafuta siku tatu. Mdogo wangu alijitolea kushuka. Nilimshika shati mbele za watu, nikapiga kelele mpaka Mhandisi akamkataza. Watu walinihurumia. Walisema nilimpenda marehemu kama ndugu. Ni kweli, nilimpenda.

Msibani nilikaa karibu na mkewe. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Ulimwambia nini hizo dakika nne?"

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Aliniangalia kama mke wa Fundi Bildi alivyokuwa anamwangalia mumewe. Hakuuliza tena.

Na hapo hapo, nimekaa ukutani, watu wanalia, usingizi ukanishika. Nilipambana nao. Nilijifinya mpaka nikatoka damu. Haukusikia. Ulikuja mzito, mtamu, kama mtu anayekuzamisha kwenye maji ya uvuguvugu.

Nilipozinduka nilikuwa nimefunikwa shuka. Jua lilikuwa linazama. Wengi walikuwa wameshaondoka, na mdogo wangu amechuchumaa pembeni yangu, kikombe cha chai mkononi, uso una wasiwasi na kicheko kwa pamoja.

"Umelala tangu saa saba," akasema. "Na maneno yote hayo!"

"Maneno gani?"

"Ulikuwa unaongea usingizini. Ulinitisha kweli, maana macho yalikuwa wazi." Akapuliza chai yake. "Ulikuwa unaniita mimi. Unasema nishuke mara moja tu, nikakuchukulie kamba yako."

Nilimkamata mkono kwa nguvu hadi chai ikamwagika.

"Nisikilize. Nikikupigia simu usipokee. Nikikutuma popote usiende. Hata nikilia. Umenielewa? Kesho toka mji huu, usiniambie unakwenda wapi."

"Dada..."

"Niapie!"

Alinitazama kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto mwenye homa. Yeye niliyemfundisha kutembea. Akakiweka kikombe chini, akaivuta shuka mpaka mabegani mwangu, akaikunja vizuri chini ya kidevu.

"Umechoka, Dada," aliniambia. "Lala. Mimi nipo hapa."